Kilomita 175 za Angani: Umbali na Muda wa Safari kati ya Uwanja wa Ndege wa Bukoba na Uwanja wa Ndege wa Mwanza

Matini ya mada kwa ajili ya mikutano ya wakazi wa kata



Mkazi akiuliza Mwanza ni mbali kiasi gani, hujibiwa kwa njia tatu. Dereva wa basi humwambia ni zaidi ya kilomita 400. Mfanyabiashara wa ndizi aliyezoea meli humwambia ni usiku mmoja. Kijana aliyeona tiketi ya ndege humwambia ni dakika 45 tu. Wote watatu wamesema kweli. Hata hivyo, familia inaweza kuwasikiliza wote watatu, ikafanya hesabu yake, na mgonjwa wake akafika hospitali wakati kliniki imekwisha kuanza.

Wakazi wengi wa wilaya hii hawaendi Mwanza kutembea. Huenda kwa sababu Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando iko huko, na barua ya rufaa ikishaandikwa, tarehe ya kliniki haimsubiri mtu. Kwa hiyo umbali na muda si maswali ya wanafunzi wa jiografia peke yao. Ni maswali ya kaya inayokaa jioni, ikihesabu fedha iliyochangwa na ndugu, na kuamua mgonjwa asafiri vipi na aondoke siku gani.

Umbali wa angani unapatikanaje

Kila uwanja wa ndege una mahali pake panapojulikana kwa latitudo na longitudo. Uwanja wa Bukoba uko karibu na nyuzi 1.33 kusini mwa ikweta na nyuzi 31.82 mashariki. Uwanja wa Mwanza uko karibu na nyuzi 2.44 kusini na nyuzi 32.93 mashariki. Ukitoa namba ndogo katika kubwa, utaona jambo la kupendeza: tofauti ya kwenda kusini ni nyuzi 1.11, na tofauti ya kwenda mashariki ni nyuzi 1.11 vilevile. Maana yake ni kwamba Mwanza iko kusini-mashariki hasa mwa Bukoba.

Katika maeneo haya yaliyo karibu na ikweta, nyuzi moja ni takriban kilomita 111, uende kusini au uende mashariki. Nyuzi 1.11 ni sawa na kilomita 123 na ushei. Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma pembetatu yenye pembe mraba ataweza kumalizia hesabu mwenyewe: pande mbili fupi zina kilomita 123 na ushei kila mmoja, na upande mrefu unakuwa takriban kilomita 175. Marubani huutaja umbali huohuo kwa maili za baharini, nao huwa maili 94.

Mstari huo hupita juu ya maji karibu safari nzima. Ndege ikiondoka Bukoba huacha Kisiwa cha Kome upande wa kulia na Ukerewe upande wa kushoto kabla ya kuukaribia mwambao wa Mwanza. Barabara haina njia hiyo. Lazima ilizunguke ziwa kwa kupita Muleba, ishuke hadi Geita na Sengerema, kisha ivuke Ghuba ya Mwanza kati ya Busisi na Kigongo. Ndiyo maana kilomita 175 za angani huwa zaidi ya kilomita 400 za ardhini.

Kwa nini dakika 45 na si 21

Ndege ya abiria yenye injini mbili za pangaboi, ya aina ya ATR 72, ikiwa juu huenda kwa mwendo wa takriban kilomita 500 kwa saa. Ukigawa kilomita 175 kwa mwendo huo unapata dakika 21. Ndege ndogo ya injini moja, ya aina ya Cessna Caravan, huenda kwa takriban kilomita 300 kwa saa, nayo hesabu yake ni dakika 35. Mbona basi ratiba huandika muda mrefu zaidi?

Sababu ya kwanza ni kwamba muda wa ratiba hauhesabiwi tangu magurudumu yanapoachana na ardhi. Huhesabiwa tangu ndege inapoanza kusogea kutoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena upande wa pili. Ndani ya muda huo kuna kutembea polepole hadi mwanzo wa barabara ya kurukia, kusubiri ruhusa ya waongoza ndege, kupanda juu kwa mwendo mdogo kuliko ule wa safari, kupunguza mwendo wakati wa kushuka, kuzunguka ili kutua kwa kuuelekea upepo, na kutembea tena hadi maegesho. Katika safari ndefu mambo hayo humezwa na saa nyingi za angani. Katika safari fupi kama hii huchukua karibu nusu ya muda wote.

Sababu ya pili ni upepo. Ndege ndogo ya kilomita 300 kwa saa ikikutana na upepo wa mbele wa kilomita 50 kwa saa, husonga juu ya maji kwa kilomita 250 tu, na dakika 35 zinakuwa 42. Upepo huohuo ukiwa nyuma yake, dakika hushuka hadi 30. Umbali haujabadilika hata hatua moja, ila muda umebadilika kwa dakika 12.

Hali ya hewa ya ziwa

Upepo ni jambo dogo ukilinganisha na mvua. Wakati wa usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Hewa kutoka pande zote za mwambao huvuma kuelekea ziwani, hukutana juu ya maji yenye joto, hupanda na kujenga mawingu mazito. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo kuelekea upande wa Kagera. Kwa sababu hiyo mvua za Bukoba hupenda kunyesha usiku na asubuhi, saa zilezile ambazo msafiri mwenye kliniki angependa kuwa angani.

Rubani anayekuta uwanja umefunikwa na mvua hana budi kuchagua: kusubiri angani hadi wingu lipite, au kugeuza na kutua kwingine. Abiria hukasirika, na hasira hiyo inaeleweka. Hata hivyo, wakazi wa Bukoba wana sababu ya kuielewa tahadhari hiyo kuliko wengine. Asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyokuwa ikitoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walifariki dunia. Wavuvi ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao kuokoa watu. Tangu siku hiyo, ndege inapochelewa kwa ajili ya mvua, neno la kusema ni "heri tuchelewe".

Kwa nini mizigo hupimwa kwa makini

Uwanja wa Bukoba umebanwa kati ya mji, vilima na maji. Barabara yake ya kurukia na kutua ina urefu wa takriban mita 1,500, ilhali ile ya Mwanza imezidi mita 3,000. Tena viwanja vyote viwili viko katika mwinuko wa takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi ndipo yaibebe ndege. Ndege nzito huhitaji barabara ndefu, na mahali ambapo barabara haiwezi kurefuka, kinachopunguzwa ni uzito.

Ndiyo maana mkungu wa matoke, debe la asali na gunia la maharage ya kumpelekea shangazi hupimwa, na kilo zinazozidi hulipiwa au huachwa. Katika ndege ndogo, hata abiria mwenyewe anaweza kuombwa apande kwenye mizani. Si dharau, na mzee asione kwamba anavunjiwa heshima. Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa kina kipimo chake. Ziwa hili lilitufundisha somo la kipimo tarehe 21 Mei 1996, siku ambayo meli ya MV Bukoba, iliyokuwa imebeba watu kupita uwezo wake, ilipinduka na kuzama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakapotea. Hakuna kata katika mkoa huu isiyo na nyumba inayoikumbuka tarehe hiyo. Mizani ya uwanja wa ndege ni jibu moja kwa msiba wa namna hiyo.

Hesabu ya mlango kwa mlango

Sasa chukulia mfano wa mzee mmoja wa Izimbya mwenye kliniki Bugando siku ya Jumanne saa 3:00 asubuhi. Mwanawe ameona kwenye simu kwamba ipo ndege ya saa 1:30 asubuhi, na safari ni dakika 45. Anamwambia baba yake: "Baba, tutafika saa 2:15. Hakuna haja ya kulala Mwanza na kulipia nyumba ya wageni." Mzee, ambaye fedha hiyo imetoka kwenye kahawa yake, anakubali kwa furaha.

Hesabu ya kijana ina kosa moja tu: imeanzia uwanjani na kuishia uwanjani, wakati baba yake anaanzia mlangoni kwake na anakwenda kuishia kwenye benchi la kliniki. Hesabu kamili inakwenda hivi:

Kutoka nyumbani hadi Uwanja wa Ndege wa Bukoba kwa gari, ikiwa barabara ni nzuri: saa moja na nusu.
Kufika mapema kwa ajili ya ukaguzi, kupima mizigo na kupewa kadi ya kupandia ndege: saa moja na nusu.
Safari ya ndege kwa mujibu wa ratiba: dakika 45.
Kushuka, kusubiri mizigo na kupata usafiri nje ya uwanja wa Mwanza: dakika 30.
Kutoka uwanjani, uliopo Ilemela, hadi Bugando katikati ya mji, pamoja na foleni ya asubuhi: dakika 45.

Jumla ni saa tano kamili. Ili kuiwahi ndege ya saa 1:30, mzee anapaswa kuondoka nyumbani saa 10:30 alfajiri. Na hata kama mvua haikunyesha, gari halikupata pancha, na ndege imeondoka bila kuchelewa hata dakika moja, atafika hospitali saa 3:30, nusu saa baada ya kliniki kuanza. Dakika 45 zilizomfurahisha kijana hazifiki hata sehemu moja ya sita ya safari yenyewe.

Funzo la hesabu hii ni rahisi kulitamka, ingawa ni gumu kulikubali wakati fedha ni kidogo: ndege hulifupisha ziwa, haiifupishi siku. Mwenye miadi ya hospitali asisafiri siku ya miadi. Asafiri jana yake, hata kwa ndege. Usiku mmoja wa kulala kwa ndugu au katika nyumba ya wageni ni gharama ndogo kuliko kupoteza tarehe ya kliniki, kisha kulipa nauli ya kwenda na kurudi mara ya pili.

Saa ya tiketi na saa ya Kiswahili

Lipo kosa jingine linalowaachisha watu ndege, nalo halihusiani na mvua wala barabara. Tiketi huandika saa kwa mtindo wa saa 24 kuanzia usiku wa manane, ilhali nyumbani saa huhesabiwa kuanzia macheo. Tiketi iliyoandikwa 07:30 ni saa 1:30 asubuhi, wala si saa 7:30 mchana. Iliyoandikwa 13:10 ni saa 7:10 mchana. Iliyoandikwa 18:00 ni saa 12:00 jioni. Kwa safari za mchana, njia ya kukumbuka ni kuondoa sita: 13 toa 6 ni 7. Namba ikiwa sita au ndogo kuliko sita, ongeza sita: 05:00 ni saa 11:00 alfajiri.

Msomi wa familia asimsomee mzee tiketi kwa haraka kupitia simu. Amwandikie kwenye karatasi siku, tarehe na saa kwa Kiswahili, na chini yake aandike saa ya kuondoka nyumbani, kwa maana hiyo ndiyo saa ambayo mzee anaihitaji hasa.

Ndege, basi au meli

Hakuna njia iliyo bora kwa kila mtu. Basi linaloondoka Bukoba alfajiri hufika Mwanza alasiri. Nauli yake ni nafuu, hupita njiani na kuchukua watu wa Muleba, na mizigo yake haina masharti makali. Zamani msafiri alipoteza muda mwingi akisubiri kivuko cha Busisi. Tangu tarehe 19 Juni 2025, lilipozinduliwa Daraja la J. P. Magufuli lenye urefu wa takriban kilomita 3, kuvuka kumekuwa jambo la dakika chache, usiku na mchana.

Meli ya MV Victoria, iliyorejea majini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa, husafiri usiku. Kwa mkazi wa Kemondo na kata za jirani, bandari iko karibu naye kuliko uwanja wa ndege. Msafiri hulala njiani na kuamkia mjini, na mgonjwa anayeumia akikaa kwa muda mrefu anaweza kujinyoosha. Ila meli haiondoki kila siku, hivyo ratiba iulizwe bandarini kabla ya kupanga.

Ndege humfaa zaidi anayeumizwa na mtikisiko wa barabara, mwenye haraka ya kweli, au mwenye safari ndefu inayoendelea Dar es Salaam. Hata hivyo, si kila mgonjwa anafaa kupanda ndege. Katika ndege kubwa, hewa ya ndani hutunzwa ifanane na ile ya mlimani, hadi mwinuko wa takriban mita 2,400. Ndege ndogo kama Caravan haina mtambo wa kuitunza hewa hiyo, kwa hiyo abiria huvuta hewa ya kimo kilekile ndege inachoruka. Mtu mzima mwenye afya hahisi tofauti kubwa. Mwenye upungufu mkubwa wa damu, ugonjwa wa mapafu au wa moyo, mwenye selimundu, aliyetoka kufanyiwa upasuaji, na mjamzito ambaye siku zake zimekaribia, wote wanapaswa kumuuliza daktari kwanza na kupata barua yake. Barua hiyo ionyeshwe wakati wa kununua tiketi, si mlangoni mwa ndege. Mgonjwa asiyeweza kukaa kwenye kiti, au anayehitaji hewa ya mtungi, asikatiwe tiketi ya kawaida kabla shirika la ndege halijaulizwa kama linaweza kumbeba. Na kwa mgonjwa wa dharura, njia ya kusafiri huamuliwa na hospitali inayompa rufaa. Familia isimwondoe wodini kwa sababu imesikia kwamba ndege ni dakika 45.

Mambo ya kufanya kabla ya safari

Kwanza, siku ya kupokea barua ya rufaa, familia iandike tarehe ya kliniki na kuhesabu kurudi nyuma: siku ya kulala Mwanza, siku ya kusafiri, siku ya kukata tiketi.

Pili, ratiba ithibitishwe upya siku moja kabla. Safari za ndege kati ya viwanja hivi hubadilika kwa msimu na kwa idadi ya abiria, na ndege iliyokuwepo mwezi uliopita huenda haipo mwezi huu. Namba ya simu iliyoachwa kwenye tiketi iwe ya mtu ambaye simu yake ina chaji, ili taarifa ya mabadiliko imfikie.

Tatu, barua ya rufaa, kitambulisho, kadi ya bima na dawa visiwekwe kwenye mzigo unaokwenda chini ya ndege. Vikae kwenye mkoba wa mkononi, pamoja na chakula kidogo cha mgonjwa wa kisukari.

Nne, safari ya kurudi nayo ipangwe kwa nafasi. Daktari huweza kumwomba mgonjwa asubiri majibu ya vipimo hadi kesho yake. Kabla ya kulipa, muulize muuzaji tiketi kama tarehe inaweza kubadilishwa, na kwa gharama gani.

Tano, maafisa watendaji wa kata na vijiji wanaombwa kubandika kwenye mbao za matangazo mfano wa hesabu ya mlango kwa mlango, kila mmoja akiweka muda wa kutoka kijijini kwake. Saa moja na nusu ya Izimbya siyo muda wa Rubafu, wala siyo wa Katerero, na wakati wa masika siyo muda wa kiangazi.

Ndugu wakazi, viwanja vya Bukoba na Mwanza havitasogeleana. Vitabaki kilomita 175 mbali, maili 94 za rubani, mstari mmoja ulionyooka kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Kinachoweza kubadilishwa ni saa ya kutoka nyumbani. Yule mzee wa Izimbya akisafiri Jumatatu, mvua ikinyesha asubuhi nzima na ndege ikachelewa hadi mchana, atalalamika kidogo, atakula chakula cha jioni kwa mpwa wake, na Jumanne kabla ya saa 3:00 atakuwa ameketi kwenye benchi la kliniki na barua yake mkononi, akisubiri kuitwa jina.